Fishie Ndogo za Kilima cha Kingi

Bana bangu, wanangu, kabla hamjagusa kitu chochote katika chumba cha mashini, wekeni kwanza kiganja kwenye mlango wake. Mlango ukiwa na joto, kuna feni imekufa mle ndani. Mtu aliyeingia mbio hatalijua hilo. Atalaumu programu, atalaumu kuranti ya umeme, atamlaumu hata mama mkwe wake, na feni itabaki maiti pale pale. Mimi nililaumu panya wiki nzima. Nilinunua hadi paka. Paka mwenyewe akapanda juu ya mashini moja akalala, kwa sababu ya joto, na mimi niko chini natafuta mashimo ya panya. Mama Esperance, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, akasimama mlangoni akanitazama. "Papa Bauma," akasema, "paka yako inakuonyesha shida iko wapi. Weye unatafuta nini kule chini?"

Ninawaandikia ninyi mnaochukua funguo zetu. Mimi ni Bauma, mtoto wa kijiji cha Kingi, wa ukoo wa walimaji wa vilima tangu babu wa babu, na kazi nimeimaliza. Nitajaribu Kiswahili cha shule, lakini ulimi wangu ni wa Masisi. Pale utakaponishinda, njo ikatoka mahali pa ndiyo, mnivumilie. Na mkikuta nimeandika fishie, ni ile ninyi wa mitandao mnaita faili. Sitabadilisha. Fishie zimenilisha, zimenisomeshea watoto, siwezi kuzipatia jina lingine uzeeni.

Kituo chetu mnakijua: ile nyumba ndefu ya matofali juu ya Masisi centre, mahali ambapo baridi inapendwa na mashini kuliko na watu. Umeme ni wa turbini ndogo ya mtoni. Mashini zilifika zikiwa zimekwisha kutumika kwa wengine, zikapandishwa kwa lori na mabegani, na kazi yake ni kuhesabu mvua na udongo: mvua ikinyesha namna hii, kilima gani kitashika, kilima gani kitaachia. Sina haja ya kumweleza mtu wa Masisi juu ya nini hesabu hiyo ni ya lazima.

Sasa sikilizeni, maana hapa njo watu wengi wanapotea. Mashini za hesabu ni ishirini, na zote zinataka kuandika kwa wakati mmoja. Ukizipa diske moja ya kuandikia itazipanga foleni, na hesabu yote itasimama kuisubiri. Kwa hiyo tuna ghala la mashini sita. Fishie kubwa inakatwa vipande, kila mashini ya ghala inachukua chake, na zote sita zinaandika pamoja. Halafu iko ya saba, tuliyoipa jina la Sekretere. Yeye hashiki mzigo, anashika daftari tu: fishie fulani ina vipande vingapi, na viko kwa nani. Hakuna anayefungua fishie bila kupitia kwake. Njo hiyo tu. Vitabu vinaipatia jina refu la kuogopesha, wanafunzi wanakuja wakitetemeka, lakini mkiyajua haya mmejua nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumjua anayechelewesha wengine.

Maana sita wakiandika pamoja, mwendo wao ni mwendo wa aliye mzito. Diske iliyokufa haina hatari sana: inapiga kelele, unaitoa, unaweka nyingine. Ogopeni ile mgonjwa inayowasha taa ya kijani na kusema "niko sawa". Mara moja tulikaa na mgonjwa wa namna hiyo mwezi mzima. Nilipomgundua, mashini ikaniandikia wazi kabisa kwamba ni diske namba tatu. Nikahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nikang'oa. Aka! Nimeng'oa nzima! Mashini inaanza kuhesabu kwa ziro, na mimi nilizaliwa kwa watu wanaoanza na moja. Diske ya akiba ndiyo iliyotuokoa siku ile. Zile namba za wino mnazoziona kwenye kila mlango wa diske ni mkono wangu. Msizibandue.

Mama Esperance ni mtu wa Mubi, kule kwenye barabara ya msitu ya Walikale, kwenye malori na pikipiki na maduka ya wachimbaji. Baba yake alikuwa mwindaji. Yeye alikwenda kusoma Kisangani akarudi anjeniere, mhandisi wa mashini. Alinikuta Masisi centre natengeneza redio, nimeweka mpini wa bisibisi kwenye sikio na ncha yake kwenye mota ya kaseti.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Inakohoa, Mama."

Hakucheka. Akasema, "Kesho kuja kwangu. Niko na zingine zenye kukohoa."

Hivyo njo nilivyoingia kazini. Kanuni yake ilikuwa moja: ulichogusa, andika katika daftari. Siku, saa, ulikuta nini, umeacha nini. "Kitu haukuandika," alizoea kusema, "siku itaharibika utaapa kwa Mungu haukugusa." Nilidhani anatania. Wengine wote aliowafundisha waliandika. Mimi niliandika nikitaka.

Basi ikafika mwaka wangu wa mwisho kazini. Mama Esperance alikuwa anarudi Mubi kumtunza mama yake mgonjwa, na aliniachia jambo moja: kupanga fishie mpya ziwe zinakatwa vipande vingapi. Kila folda inawekewa namba yake, na fishie au folda ndogo inayozaliwa ndani yake inarithi namba hiyo. "Utaangalia folda kwa folda," aliniambia akiwa amekwisha kupanda pikipiki. "Fishie kubwa mbali, ndogo mbali." Nikaitika ndiyo Mama, ndiyo Mama. Alipokata kona nikaingia ndani nikaandika sita. Kila folda, sita.

Ngojeni niwaambie juu ya nini, msinicheke kabla ya wakati. Mama yangu mzazi alikuwa na mashamba manne kwenye vilima vinne. Viazi juu kwenye baridi, maharagwe katikati, mahindi upande wa pili, mateke, yale magimbi, chini kwenye maji. Mvua ya mawe ikipiga kilima kimoja, tunakula cha kingine. Kwetu, mtu aliyeweka mbegu zake zote mahali pamoja tunamhesabu kama mcheza kamari, na binti zetu hatumpi. "Tawanya, utakula," mama alituimbia hiyo mpaka tukaichoka. Kwa hiyo mimi nilipopewa ghala la mashini sita, nilitawanya. Hata fishie ya mstari mmoja, vipande sita! Nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa mwenye haki. Katika daftari sikuandika kitu, kwa sababu mtu anayefanya jambo lililo wazi namna hiyo anaandika nini?

Ikapita miezi miwili. Mvua ndogo zikanyesha, na juu ya kilima cha Kingi, juu ya nyumba za watu, zikaonekana nyufa ambazo mkono unaingia. Chini ya nyufa zile, nyumba ya kwanza ni ya yaya Furaha, dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Yeye, watoto wake, wajukuu wake, na majirani. Komite ya kijiji ikaamua wahame kabla ya mvua kubwa. Wakachagua mahali, uwanja mzuri ulio sawa, karibu na kijito. Siku ya Mungu, Jumapili, misa ikiisha, watapima viwanja, Jumatatu watapigilia misumari. Katekista, ambaye ndiye mkubwa wa komite, akatutumia neno: kama mashini zenu ziko na la kusema, ziseme kabla ya Jumapili.

Kazi hiyo akapewa Dokta Janvier, kijana wa Goma aliyesomea mawe na udongo, mpole, mnywaji wa chai. Programu yake ilikata kilima chote vipande vidogo vidogo, na kila kipande cha udongo, kwa kila saa ya mvua, kiliandika fishie yake. Fishie ndogo, nyingi kama nzige. Alianzisha Jumatatu asubuhi. Jumanne alipiga hesabu ya mwendo, akaja kwangu uso umembadilika.

"Papa Bauma, tukienda vile, tutamaliza Alhamisi ya wiki ijayo."

"Jumapili haiwezekani?"

"Haiwezekani. Iko kitu inakamata mashini. Ghala yako iko sawa?"

"Ghala iko sawa kabisa," nikamjibu. "Programu yako njo nzito."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu. Lakini nilimpigia Mama Esperance simu, na yeye akasema anakuja.

Jumatano, nikiwa peke yangu, nilifanya kipimo ambacho nataka mkijue kwa moyo, kwa sababu ni cha dakika chache na hakisemi uongo. Andikeni fishie moja kubwa sana, mpime muda. Kisha mzigo ule ule mwandike kwa fishie elfu ndogo, mpime tena. Fishie kubwa iliruka kama swala. Zile elfu zilijikokota hadi nikaenda kunywa maji nikarudi, bado. Hapo nikaikumbuka ile sita yangu. Sikuelewa bado kosa liko wapi hasa, ila nilijua ni langu.

Mnadhani nilikwenda kumwambia Dokta? Nilifunga mlango nikabadilisha namba kimya kimya, kutoka sita kuwa moja, nikakaa kusubiri muujiza. Hakukuwa na muujiza. Programu ilikuwa imekwisha kuzaa folda zake zote tangu Jumatatu, na kila folda ilikuwa imekwisha kurithi sita. Ukibadilisha namba kwa mzazi, watoto waliokwisha kuzaliwa hawabadiliki. Sheria hiyo iandikeni ukutani. Dawa ilikuwa moja tu, kusimamisha hesabu yote na kuianza katika folda mpya, na hiyo haiwezekani bila kusema. Nikanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi niliyoficha mimi, kifo chake kilikuwa kinamngoja mtu mwingine. Nilijua hivyo, na bado nilinyamaza siku moja nzima. Naona haya hata sasa ninapoandika.

Mama Esperance alifika Alhamisi mchana. Pikipiki ilimtoa Mubi, ikamlaza Kibua kwa sababu ya matope, ikamleta kwetu akiwa mwekundu mpaka kiunoni. Hakuomba maji wala kiti. Aliomba daftari. Akafunua kurasa, akafika siku ile aliyoondoka, akakuta peupe.

"Papa Bauma. Uliweka ngapi?"

"Sita."

"Wapi?"

"Pote, Mama."

Akakaa juu ya ndoo akaanza kuvua buti zake polepole. Nilitamani anitukane. Badala yake akaniuliza, "Kwetu Walikale, siku ya kuwinda na wavu, unajua tunafanya aje?"

"Sijui, Mama."

"Kila nyumba inaleta wavu yake, tunaziunganisha. Kijiji muzima inatoka, bamama, bababa, imbwa na kengele zao. Njo vile unakamata nguruwe ya pori. Sasa weye, panya imepita nyuma ya jiko. Unaita kijiji muzima, na nyavu zote, juu ya panya moja?"

"Hapana, Mama."

"Njo kitu ulifanya. Kila fishie ndogo, Sekretere anaamsha mashini zote sita. Tena mara elfu na elfu. Hazichoke aje?"

Nikajitetea. Nikamweleza mashamba ya mama yangu, mvua ya mawe, tawanya utakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani hapo alinihurumia.

"Mama yako alikuwa na akili," akasema. "Lakini mawe ikiua shamba moja, tatu zinabaki, mutakula. Hii haiko mashamba sita. Iko barua moja, umepasua vipande sita, umepatia bantu sita. Moja akipoteza kipande yake, utasoma nini?"

Miezi miwili nimejisifu kwamba nimelinda, kumbe nimeongeza milango ya kupotezea. Bana bangu, kukata fishie ni kwa ajili ya mbio. Usalama ni nakala nyingine iliyolala mahali pengine. Msichanganye mambo haya mawili kama nilivyoyachanganya mimi.

"Sasa kwenda umuambie Dokta," Mama Esperance akasema.

"Mama, wewe ndiye anjeniere. Mwambie wewe."

"Mi njo niliweka sita?"

Nikaenda. Dokta Janvier alikuwa mezani na kikombe chake, macho mekundu. Nikasema, "Dokta, shida haiko programu yako. Ni mimi." Nikaeleza yote, hadi kile nilichokifanya kimya kimya.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana!" Akainuka, chai ikamwagika juu ya karatasi. Sikujua kijana yule ana sauti ya namna hiyo. "Papa Bauma, dada yako iko mu ile liste ya bantu ya kuhama! Dada yako!"

Kama mna moyo wa kunidharau hapa, nidharauni, nimestahili. Mama Esperance akaingia peku akasema, "Mutagombana siku ya Mungu, kisha misa. Dokta, programu yako iliacha alama yake wapi?"

Programu nzuri, mara kwa mara, inaandika fishie moja kubwa ya kusema "nimefika hapa", ili ikianguka isirudi mwanzo. Ya Dokta ilikuwa imeiandika mchana ule ule. Basi hatukupoteza kitu, tungeanza pale. Dokta akapumua. Lakini Mama Esperance alikuwa hajammaliza.

"Na weye, nani alikufundisha kuandika fishie moja kwa kila kipande ya udongo? Mama wa Kibua akipeleka mihogo soko ya Mubi, anasafirisha muhogo moja moja?"

Dokta akaona haya akakaa chini. Alichukua masaa mawili tu kurekebisha: matokeo ya saa moja ya mvua, yote ya kilima kizima, yakusanywe yaandikwe katika fishie moja. Mimi nikatengeneza folda mpya, za fishie kubwa nikaziwekea sita, za zile ndogo zilizobaki moja. Na nikaandika katika daftari, kila namba. Tukasimamisha hesabu. Tukaianza upya.

Taa za ghala zikaanza kupepesa zote pamoja. Nilikuwa sijaziona hivyo miezi miwili, na kwa kuzizoea zikisinzia nilikuwa nimesahau. Dokta hakuamini. Kila dakika tano aliomba orodha ndefu ya fishie zote pamoja na uzito wake, aone zimefika ngapi. Mama Esperance akamnyang'anya kibodi. "Muntu iko analima, kila mara unamuita akuambie amefika wapi?" Ni kweli, orodha ya namna hiyo inamlazimu Sekretere kuulizia kila fishie, moja baada ya moja, kwa kila mwenye kipande. Mkitaka kujua hesabu imefika wapi, programu yenyewe iandike mstari mmoja. Someni huo, mwende mkale.

Najua ninyi mna mambo mapya. Mfumo mlioupata sasa unaanza fishie kwa kipande kimoja, na ikinenepa unaiongezea wenyewe, bila kumwuliza mzee yeyote wa Kingi. Nilipoonyeshwa nilifurahi kama mtoto, na nikasikitika kidogo kwamba haukuwako wakati wangu. Mtafanya hesabu ambazo sisi hatukuota. Lakini mfumo haujui programu ya Dokta inataka nini, wala komite inakaa siku gani. Hayo bado ni ya mtu.

Jumamosi saa tisa za mchana hesabu ikaisha. Karatasi ya ramani ikatoka ikiwa bado ya moto, tukaiinamia watatu. Juu kwenye nyufa palikuwa pekundu, rangi ya udongo utakaoachia, hilo tulilitazamia. Ila wekundu ule haukusimama kwenye nyumba. Uliingia katika bonde, ukashuka nalo, ukafunguka kule chini, ukakaa wote juu ya uwanja mzuri ulio sawa, karibu na kijito.

"Mungu wangu," Dokta akasema. "Wanaruka majivu, wanakanyaga moto."

Akapitia upya kila namba. Ikatoka ile ile. Upande uliobaki mweupe ulikuwa mgongo wa kilima wa upande wa shule, kule kwenye upepo, ambako hakuna aliyetaka kujenga.

Jumapili nikaenda Kingi. Nilipita kwenye kijito kwanza. Yaya Furaha alikuwa amekwisha kuhamisha mabati yake, ameyapanga vizuri, ameyawekea mawe yasipeperuke. Kisha misa katekista akanipa neno, nikaitandaza karatasi mbele ya watu. Mzee mmoja akainua mkono.

"Papa Bauma, juzi tulisikia mashini itamaliza wiki ingine. Leo unasema ilimaliza jana. Ilidanganya ile siku ao inadanganya leo?"

Swali zuri, na lilikuwa na mtego. Ningeweza kusema mambo ya teknik, wangenyamaza kwa heshima na wangejenga kwenye kijito. Nikasema, "Mashini haikudanganya. Mimi nilikosea." Nikawaeleza yote, mashamba ya mama, panya na nyavu, barua iliyopasuliwa. Watu wale wote wana mashamba matatu, manne. Walilielewa kosa langu kuliko anjeniere yeyote. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikawaeleza pia kwamba nilijua, na nilificha siku nzima. Hapo hawakucheka.

Yaya Furaha akasimama. Yeye hakuwa amecheka tangu mwanzo.

"Huyu ni mudogo wangu," akasema. "Tangu utoto, akikosea anaficha. Alivunja chungu ya mama, akaizika nyuma ya nyumba. Mi njo nilipigwa. Leo anasimama mbele ya kanisa anasema nilikosea, nilificha. Haijawahi. Mi nitamusikiliza." Akageukia wanawe. "Kwendeni kutosha mabati kule kijitoni, mupandishe upande ya shule."

Akatoka bila kunitazama. Majirani wakatazamana, mmoja akainuka, wengine wakafuata. Waliobaki walibishana na katekista hadi jua likawa kali, kisha nao wakaenda. Ndani ya wiki mbili wote waliokuwa kwenye liste walikuwa juu, upande wa shule, wanalaani upepo na kunilaani mimi.

Mvua kubwa ilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja nilikuwa kwenye ngazi za kituo nakung'uta matope ya viatu, simu ikalia.

"Bauma."

"Yaya."

"Mulima ilishuka."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. "Bantu?"

"Ilifuata mu bonde, ikajaza kijito yote, pale tulikuwa tumepima viwanja. Mawe makubwa, makubwa sana. Ndizi zangu zote zimekwenda."

"Yaya, nakuuliza bantu!"

"Bantu gani? Tuko huku juu, tunaiangalia. Nimewahesabu wote, na wajukuu."

Nilisikia upepo katika simu yake, na watoto wanapiga kelele, na mtu anawakataza wasisogee ukingoni.

"Bauma? Uko unalia?"

"Hapana, yaya."

"Lia tu, mudogo wangu. Tuko wote. Hatuna haraka."